Sauti Namba Kumi na Saba

Nilipunguzwa kazi ya simu mwaka ambao mitambo mipya ilifungwa mjini Songea. Kabla ya hapo, aliyetaka kuzungumza na mtu wa Njombe au Dar es Salaam alinyanyua simu, nikaitikia mimi au mmoja wa wenzangu, akataja namba, tukachomeka waya kwenye ubao na kumwunganisha. Tulikuwa wanawake watano katika chumba kimoja. Mtambo mpya uliifanya kazi yetu bila kuugua wala kuomba likizo, nasi tukapewa barua. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na huku maofisini watu walipunguzwa. Jirani yangu pale Mjimwema, ambaye naye alikuwa amepewa barua, alikuwa akinisalimia, "Habari za kupunguzwa?" Nami nikamjibu, "Tunapungua vizuri."

Huenda mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ubao wa simu asijue kwamba kazi ile hufundisha masikio. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa namtambua mteja kabla hajasema lolote, kwa jinsi alivyovuta pumzi. Nilijua ni nani anapiga akiwa amesimama na ni nani ameketi. Sikuona kama ni elimu, mpaka niliposikia kwamba kuna mradi wa kuchunguza ndege na wanyama wa porini, umepanga nyumba upande wetu wa mji, na unatafuta mtu wa kusikiliza kaseti na kuchapa ripoti. Mkuu wa mradi alikuwa mtaalamu wa misitu aliyehamia kutoka kaskazini. Aliniuliza swali moja tu.

"Unaweza kukaa kimya saa nzima?"

"Nimekaa kimya miaka kumi na miwili," nikamwambia, "wengine wakiongea."

Nikaanza kazi Jumatatu.

Nieleze kazi yenyewe, maana ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza. Viumbe wengi wa pori la miyombo hawaonekani. Ukipita utaona majani na magome, basi. Lakini asubuhi jua linapochomoza, kila mmoja hujitaja mwenyewe, na anayejua sauti zao anaweza kuwahesabu bila kuwaona. Mradi ulikuwa na mashine tatu za kunasa sauti, kila moja ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kwenye mti, kufuata kijito kimoja ng'ambo ya Lusewa. Lusewa ni mashariki, mwendo wa siku nzima kwa lori kwa barabara ya wakati ule. Kila mashine ilikuwa na saa yake. Ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilijiwasha, ikanasa dakika tano, ikajizima. Kwa siku tisa upande mmoja wa kaseti ulikuwa umejaa.

Mtunza mashine alikuwa Myao wa pale pale Lusewa, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye baiskeli imara. Kila baada ya siku tisa alizunguka, akabadilisha kaseti na betri, kisha akapanda lori kuja Songea na kaseti zake ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, zisiingie vumbi. Yeye alifika kwenye mashine mchana, saa zimeshafanya kazi yake. Kwa hiyo alizibeba sauti zile kwa miezi bila kuzisikia hata mara moja.

Mjini tulikuwa wasikilizaji wawili, mimi na mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, Mngoni wa upande wa Peramiho, ambaye alijua ndege kwa sababu aliwawinda kwa manati utotoni. Kila dakika tano tulizisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza hatukushika penseli. Hilo ndilo jambo gumu kwa anayeanza, kwa sababu mkono unataka kuandika na kuandika kunaziba masikio. Mara ya pili tuliandika. Mara ya tatu tulibadilishana fomu, mmoja akahakiki ya mwenzake. Ukitaka kujaribu, keti nje ya nyumba yako asubuhi kwa dakika tano, usiandike kitu, kisha ujiulize umesikia wangapi. Utasema watatu. Kesho utasema watano. Ndege hawajaongezeka, ni wewe umeanza kusikia.

Fomu ilikuwa na safu ya ndege, ya wanyama, ya wadudu, na ya mwisho iliandikwa "watu." Hapo tuliandika shoka, bunduki, mbwa, mazungumzo. Safu isiyokuwa na sauti yoyote tuliipiga mstari. Sauti ambayo hatukuijua tuliipa namba, ikangoja mjuzi. Nyingi zilijulikana baadaye. Namba tisa ilikuwa tawi lililosugua sanduku. Namba kumi na mbili ilikuwa chura.

Namba kumi na saba ilitokea mwishoni mwa masika. Ilianza na mtetemo, brrrr, kama mtu anayefukuza baridi midomoni, ikamalizikia na mguno mfupi, hm. Ilirudiwa mara nne au tano ikisogea, halafu ikapotea. Tuliisikia kwenye mashine zote tatu, si kila siku, lakini mara kwa mara, na karibu kila ilipokuwepo alikuwepo pia ndege wa asali, yule mdogo wa kijivu ambaye kelele yake hufanana na njiti zinazotikiswa ndani ya kiberiti.

"Huyo ni kwale," Mwalimu alisema, akivua hedifoni.

"Kwale haondoki akiongea hivyo, Mwalimu. Huyu anatembea."

"Kwale naye ana miguu."

"Basi sikiliza mwisho wake. Hm. Umewahi kusikia kwale anakubali hoja?"

Akasikiliza tena, akacheka, akafuta neno "kwale." Tukaandika namba, katika safu ya ndege. Lazima niseme wazi kwamba safu niliichagua mimi. Mwalimu aliuliza kama hatuna hakika tuiache wazi, nikamwambia masikio yangu hayana shaka, ni ndege. Nilichosahau ni betri. Kaseti ikinaswa kwa betri zinazokwisha, utepe huzunguka polepole, na ukija kuipiga kwa mashine yenye umeme mzuri, kila sauti hupanda juu. Kubwa huwa nyembamba. Siku za mwisho za kila upande wa kaseti ndizo namba kumi na saba ilisikika zaidi kama ndege, na ndizo nilizozisikiliza kwa makini zaidi kwa sababu zilikuwa ngeni zaidi.

Mkuu alifurahi. Alikuwa na orodha ndefu ya ndege wa kusini na huyu hakumwona humo. Alikuja chumbani kwetu mara mbili kwa siku, akasikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Huenda tuna kitu hapa." Hakupenda maneno makubwa, kwa hiyo hayo kwake yalikuwa makubwa. Akaagiza tuihesabu namba kumi na saba kila ilipotokea na kuichorea mstari wake kwenye karatasi ya miraba. Mwalimu akaanza kuiita "mgeni wetu."

Siku moja waya wa hedifoni zetu ulikatika. Mafundi wa redio mjini walituambia tungoje mpaka kesho, na kazi haikungoja, tukaipiga kaseti kwa spika, dirisha likiwa limefungwa. Mtunza mashine alikuwa amefika asubuhi ile na kopo lake, ameketi kwenye benchi karibu na mlango akingoja betri mpya. Tulikuwa tumefika dakika ya tatu ya siku ya sita.

Brrrr-hm, spika ikasema. Brrrr-hm.

Mtunza mashine aliinua kichwa.

"Mnamsikiliza huyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Unamjua? Tumemtafuta miezi mitatu. Mwalimu anasema ni jamii ya kwale."

"Nilisema zamani," Mwalimu akasema. "Nimeacha."

Ikaita tena. Yule bwana alianza kucheka. Alicheka mpaka akainama, akashika benchi kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Wallahi, dada," akasema alipopata pumzi, "huyo si kwale. Huyo ni mjomba wangu!"

Ikaita mara ya mwisho, na ndege wa asali akaipokea.

"Anamwita sego," akaeleza. Ndivyo Wayao wanavyomwita ndege wa asali. "Ukiingia porini kutafuta asali, unamwita hivyo, anakuja, anakutangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Wewe unatoa asali, yeye unamwachia nta. Mjomba aliachiwa mwito huo na mjomba wake. Mmemwandika nani?"

Nikamwonyesha fomu. Aliisoma kwa kidole, pole pole, mpaka kwenye safu ya ndege.

"Ninyi Wangoni!" akamgeukia Mwalimu. "Mnajua kuruka ngoma ya lizombe tu. Mzee wa watu, ana wajukuu, mnamhesabu kuwa ndege!"

"Na wewe Myao unamleta mjomba wako kila baada ya siku tisa ndani ya kopo la maziwa, hujui," Mwalimu akamjibu. "Nani mjinga hapo?"

Walicheka wote wawili. Mimi sikuweza kucheka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshika penseli na nilijua kinachofuata. Nikafuta namba kumi na saba katika safu ya ndege, nikasogeza mkono kwenye safu ya mwisho. Mtunza mashine aliona mkono ulikokwenda, na kicheko kikamwisha.

"Hiyo ni safu gani?"

"Ya watu."

"Dada, subiri."

Kila mtu Lusewa alijua kwamba pori la kijito lilikuwa linazungumzwa. Kulikuwa na mpango wa kulihifadhi, na ripoti yetu ingesomwa kwenye kikao kabla mpaka haujachorwa. Watu walichokisikia ni kimoja: wakionekana mle, wataambiwa watoke. Mjomba wake hakuwa na shamba la korosho kama ndugu zake wa Tunduru wala tumbaku kama majirani. Alikuwa na kipande cha mihogo na alikuwa na asali. Na kwa Wayao mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye aliyemlea mtunza mashine na ndugu zake, watoto wa dada yake, ndiye aliyesimamia ndoa zao.

"Mwache abaki ndege," akasema kwa sauti ndogo. "Anamdhuru nani akiwa ndege?"

Mwalimu alitazama dirisha. Mimi niliweka penseli chini. Nikarudisha namba kumi na saba mahali ilipokuwa, nikajiambia kwamba ningelifikiria jambo hilo kwa utulivu. Kwa kweli sikulifikiria. Nililiacha.

Mtunza mashine aliporudi Lusewa alimwambia mjomba wake kwamba masanduku ya mitini yanasikia. Mzee akaacha kuita. Alikuwa akipita porini kimya, akitazama juu, bila wa kumwongoza, na akarudi nyumbani na ndoo nyepesi. Hayo niliyajua baadaye. Kilichofika kwetu Songea ni kaseti ambazo namba kumi na saba haikuwemo tena. Mstari wake kwenye karatasi ya miraba ulishuka hadi chini ukalala. Mkuu alikuwa akisimama mbele ya karatasi ile kwa muda mrefu.

Mwezi uliofuata alinipa rasimu ya ripoti niichape. Nilikuwa nachapa haraka, kiasi cha kuchapa bila kusoma, lakini ukurasa wa nne niliusoma. Iliandikwa kwamba kufuata kijito kile, katika kaseti zote, hapakuwa na dalili ya matumizi ya watu. Iliandikwa pia kwamba palikuwa na ndege asiyejulikana ambaye ametoweka ghafla. Kwa sababu hizo mbili, ilipendekezwa eneo lote lifungwe, na kwa kuwa hakuna mtu anayelitumia, hapakuwa na haja ya kukaa na wanakijiji kulijadili.

Vidole vilisimama juu ya taipureta. Nilikuwa nimeamini kwamba kumwacha mzee awe ndege ni kumficha. Sasa niliona kwamba nilikuwa nimemwondoa porini mimi mwenyewe, kwa penseli, kabla ya kikao chochote.

Nilikwenda kwa Mkuu na ile fomu mkononi. Nilimwambia yote kwa mpangilio: betri, safu niliyoichagua, spika, mjomba, na kwamba nimejua kwa wiki saba. Alisikiliza kama alivyosikiliza kaseti, macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo mgeni wetu ana wajukuu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mkuu."

"Nimeandika barua kwa watu watatu kuhusu ndege huyu."

Alifumbua macho. Alisema kukosea safu ni jambo la kila siku, yeye mwenyewe aliwahi kuandika chura kuwa bundi, na hilo hatalikumbuka. Wiki saba atazikumbuka. Hakupandisha sauti. Nilingoja aseme neno lile la kwenye barua, la kupunguzwa, lakini alichosema ni kingine.

"Siwezi kumwandika mtu ambaye sijamwuliza. Nenda Lusewa umwulize. Wewe ndiye uliyemsikia."

Nilipanda lori pamoja na mtunza mashine. Njia nzima hakuniambia neno zuri wala baya. Alinipa gunia la kukalia lililokuwa laini zaidi, nikajua hajakasirika sana. Mjomba wake tulimkuta nyuma ya nyumba akichonga mpini wa shoka. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka ikaingia manjano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unanisikiliza bila kupiga hodi?"

Mpwa wake alitazama chini.

"Ni mimi," nikasema. "Sikujua ni mtu."

"Hukujua ni mtu." Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Mke wangu naye husema hivyo hivyo."

Ndani ya nyumba mwanamke alicheka kwa nguvu, kisha akaleta kigoda na maji. Nikanywa, nikaeleza. Nilieleza kama ninavyoeleza hapa, kuanzia sanduku la mtini mpaka ukurasa wa nne, na kila alipokunja uso nilirudi nyuma na kuanza tena. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko sisi wote wa mjini.

"Nimetumwa nikuulize kama unakubali kuandikwa," nikamaliza.

"Nikikataa?"

"Ripoti itabaki inasema hakuna mtu."

"Na nikikubali?"

"Itasema yupo. Wa kwenye kikao ndio wataamua."

"Wanaweza kuamua nisiingie tena."

"Wanaweza."

"Kwa hiyo nikiwa ndege pori linafungwa, nikiwa mtu pori linafungwa."

"Ukiwa mtu," nikasema, "unaweza kwenda kikaoni ukasema neno. Ndege haitwi kikaoni."

Alipitisha kidole gumba kwenye mpini kutafuta mahali panapokwaruza, akapapata, akapakwangua.

"Niandike," akasema.

Nilimwomba aite mara moja, nimsikie kwa masikio bila mashine, nipate hakika ya kuandika. Alikataa. Alisema yule haitwi kwa majaribio. Ukimwita akaja, akakuongoza, nawe huna haja ya asali na humwachii nta, umemdanganya, na siku nyingine atakuzungusha bure. Nikitaka kumsikia akiita, twende kutafuta asali kweli.

Tukaenda asubuhi iliyofuata, mzee mbele, mpwa wake, na mimi nyuma na khanga mbili kwa ajili ya nyuki. Alipofika mahali ambapo miyombo inaanza kuwa mirefu, aliita. Brrrr-hm. Ilikuwa sauti nzito, ya kifuani, ya mwanamume mzima. Nilishangaa jinsi nilivyoweza kuiita ndege. Haukupita muda njiti za kiberiti zikatikisika juu yetu, na ndege akaruka mti wa mbele, akatua, akatungoja. Mzee aliita tena, akamfuata. Walikwenda hivyo, mmoja akiita na mwingine akiitikia, na sisi wawili tukijikwaa nyuma yao, mpaka kwenye mti uliooza tumbo. Niliumwa na nyuki mara nne. Mzee alipomaliza alivunja sega lililobaki, akaliweka juu ya majani mahali peupe, akasogea pembeni.

"Andika na hilo," akaniambia.

Nililiandika. Niliporudi Songea tulizisikiliza upya kaseti zote, mimi na Mwalimu, tangu mwisho wa masika. Kila namba kumi na saba niliihamisha kwa kalamu ya wino kwenye safu ya watu. Nikaandika pia kile tulichokuwa tumekiona bila kukielewa, kwamba siku alizoita mtu, ndege wa asali alikuwepo, na alipoacha kuita, ndege huyo alisikika mara chache. Hakuwa ametoweka. Alikosa wa kuzungumza naye tu, basi akanyamaza au akaenda kutafuta wengine. Mkuu aliandika ukurasa wa nne upya kwa mkono wake na mimi nikauchapa. Zile barua tatu alizifuatishia nyingine tatu. Moja ilijibiwa, na aliyejibu alisema amecheka, akaomba nakala ya kaseti.

Kikao kilifanyika Lusewa kabla ya mvua, ndani ya ghala la kijiji, kwa kuwa sasa palikuwa na watu wa kukaa nao. Walikuja warina asali tisa, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa katika ripoti ya kwanza. Mzee alivaa kanzu. Alizungumza mara moja tu, akaeleza jinsi asali inavyotolewa, moto unavyozimwa kwa mchanga, na nta inavyoachwa. Hakuomba kitu. Mtu mmoja wa mbele akamwuliza kwa utani kama ndiye yule ndege wa Songea. Akajibu, "Ndiye. Lakini leo nimekuja kwa miguu."

Uamuzi uligawanyika. Sehemu ya chini ya kijito warina asali wangeendelea kuingia, kwa kadi, kuanzia mwisho wa masika mpaka mvua zinapoanza. Sehemu ya juu, kwenye chemchemi, ambako miti ni mikubwa na nyuki ni wengi, ilifungwa kwa wote. Mpaka ulikuwa mfululizo wa alama nyeupe zilizopakwa kwenye magome. Mzee aliweka dole gumba kwenye kadi yake, akaigeuza pande zote mbili, akamwinulia Mkuu mkono.

"Na ndege naye mmempa kadi?"

Watu wakacheka.

"Nauliza kweli," akasema. "Yeye ndiye anayenitangulia. Akivuka alama zenu, akatua upande wa pili, ananiita, mimi nifanyeje?"

Mkuu alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hakujibu haraka.

"Itabidi urudi, mzee."

"Nimwache pale?"

"Ndiyo. Umwache."

Mzee aliketi. Hakupinga tena. Alikuwa amepata nusu ya pori na alijua wangeweza kumnyima lote, nasi wengine tulijua hivyo pia, na tulipeana mikono kwa furaha ya kweli nje ya ghala. Mpwa wake alinibebea begi mpaka kwenye lori.

Msimu uliofuata mashine mbili zilibaki sehemu ya chini na moja ikawekwa juu, kwenye chemchemi. Kaseti za chini zilikuwa na mwito wa mzee mara kwa mara, na mara mbili tatu ule wa warina wengine, ambao tulijifunza kuwatofautisha. Kaseti ya juu niliisikiliza mimi. Siku ya pili, dakika ya kwanza, ndege wa asali alianza kutikisa kiberiti chake karibu kabisa na sanduku. Alitikisa, akanyamaza kidogo, akatikisa tena kutoka mti mwingine, akarudi palepale. Aliendelea hivyo dakika zote tano. Nilisikiliza mara tatu kama ilivyo kawaida, kisha nikamwandika katika safu ya ndege, na safu ya watu nikapiga mstari.